Bustani za Mediterania hulala wageni wanapofika

Agosti ndio mwezi ambao pwani ya kusini mwa Ufaransa hujaa wageni kuliko wakati wowote. Ndio pia mwezi ambao mgeni hulipa kiingilio, akaingia kwenye bustani aliyoisikia ikisifiwa miaka nenda miaka rudi, akazunguka nusu saa juani, kisha akauliza: maua yako wapi? Ardhi imekauka hadi kupasuka. Vichaka vimekunja majani, vingine vimepukutika vikabaki vijiti. Harufu ipo, nzito kama ya duka la dawa za miti shamba, lakini zile rangi alizoziona kwenye picha hazipo. Wengi hutoka wakidhani bustani imetelekezwa. Haikutelekezwa hata kidogo. Imelala, na sababu ya kulala kwake ndiyo hiyo hiyo inayoifanya iitwe bustani ya Mediterania.

Nitalieleza jambo hili kwa kupita kipande kimoja cha pwani ninachokipenda mno: kuanzia Rayol-Canadel-sur-Mer, chini ya milima ya Maures, kupita Antibes, Nice na Menton, hadi Ventimiglia, mji wa kwanza ukishavuka mpaka wa Italia. Kwa umbali huo mdogo kuna bustani za umma ambazo ukizisoma vizuri zitakueleza habari za dunia nzima, Tanga na Njombe zikiwemo.

Mvua na joto havikutani

Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tumezoea mvua na joto kuja kama pacha. Jua la kaskazi huichemsha ardhi Januari na Februari, kisha masika huingia ardhi ikiwa bado ina moto. Mbegu iliyolala miezi mitatu huchipua kwa siku chache. Ndiyo maana kwetu neno kiangazi humaanisha kupumzika kwa shamba, na mvua humaanisha kazi.

Kando ya Mediterania mambo yamegeuka. Mvua hunyesha kuanzia vuli yao, Oktoba hivi, ikaendelea wakati wa baridi hadi Aprili. Joto nalo huja Juni, Julai na Agosti bila tone la maji, au kwa ngurumo moja mbili tu. Maji yakiwapo hakuna joto; joto likiwapo hakuna maji. Mmea uliozaliwa hapo umebanwa katikati, na kila kitu utakachokiona bustanini ni jibu la mbano huo.

Jibu la kwanza ni kuchagua msimu wa kufanya kazi. Mimea mingi ya huko hukua mara mbili kwa mwaka: mvua za kwanza za Oktoba na Novemba zinaposhuka juu ya ardhi yenye joto lililobaki, na tena kuanzia Machi hadi Mei jua linaporudi juu ya ardhi iliyoshiba maji. Katikati ya baridi haifi wala hailali usingizi mzito kama miti ya Ujerumani au Poland. Huenda polepole tu. Usingizi wake halisi ni wa kiangazi.

Jibu la pili limeandikwa kwenye majani. Ya mzeituni ni madogo, magumu, na upande wa chini yana rangi ya fedha. Lavenda ina vinywele vya kijivu vinavyorudisha mwanga wa jua. Rosemari imekunja kingo za majani yake ikawa kama sindano, ili unyevu usitoke ovyo. Ile harufu nzito ya Agosti ni mafuta yaliyomo ndani ya majani, ambayo pia huwakinaisha mbuzi. Mmea unaonishangaza kuliko yote ni aina moja ya mtupa mrefu kama mtu, unaoota kwenye majabali ya pwani ile. Ni ndugu wa mnyaa tunaopandia ua. Ukiuvunja hutoa utomvu mweupe ule ule. Wakati wa baridi una majani ya kijani yaliyojaa, mwanzoni mwa masika yao huvaa maua ya manjano, halafu joto likikaribia majani huwa mekundu na kuanguka yote. Miti ya Ulaya kaskazini hupukutisha majani kwa kuogopa baridi. Huu hupukutisha kwa kuogopa jua.

Jina la mahali, au jina la mvua?

Sasa ukiingia kwenye bustani hizi utakutana na jambo la pili linalochanganya watu. Kibao mlangoni kinasema Mediterania, lakini mmea wa kwanza unatoka Mexico, wa pili Australia, wa tatu Rasi ya Tumaini Jema. Je, mtunzaji amedanganya?

Hapana. Wataalamu wa mimea walipochunguza dunia waliona kwamba utaratibu ule wa baridi yenye mvua na kiangazi kikavu hauko kwenye bahari moja tu. Upo sehemu tano: kuizunguka Mediterania yenyewe, California, Chile ya kati, Afrika Kusini upande wa Cape Town, na kusini na kusini-magharibi mwa Australia. Ukizijumlisha zote hazifiki hata asilimia 3 ya nchi kavu ya dunia, lakini zina karibu aina moja kati ya kila tano za mimea inayojulikana. Kwa hiyo neno Mediterania limeanza kama jina la bahari, likaishia kuwa jina la aina ya mvua.

Kwa nini hapo na si kwingine? Ukitazama ramani utaona sehemu hizo zote ziko magharibi mwa mabara, kati ya latitudo 30 na 40 hivi. Juu ya eneo hilo kuna mkanda wa hewa nzito inayoshuka, na hewa inayoshuka haileti mawingu. Jua likielekea upande wa kaskazini, mkanda nao husogea kaskazini ukakaa juu ya Mediterania kama kifuniko cha chungu; hicho ndicho kiangazi. Jua likirudi kusini, mkanda huteremka, na dhoruba za Atlantiki hupata njia ya kupita. Mabaharia wetu waliishi kwa mwendo huo huo wa jua bila kuuona mkanda huo: mwendo wa jua ndio unaotupa kaskazi na kusi.

Rayol: kutembea mabara bila kupanda ndege

Bustani inayoeleza jambo hili vizuri kuliko zote ni Domaine du Rayol. Mahali pale palijengwa mwaka 1910 na mfanyabiashara wa Paris aliyeitwa Alfred Courmes, aliyetaka nyumba ya kupumzikia kando ya bahari. Baadaye pakaingia mikononi mwa Henry Potez, mtengenezaji wa ndege. Kisha pakachakaa, na wenye mitaji wakaanza kupapigia hesabu ya majengo ya likizo. Wakazi wa eneo lile wakagoma. Mwaka 1989 shirika la umma la kuhifadhi pwani, Conservatoire du littoral, likapanunua, hekta 20 hivi, na likamwita mbunifu wa mandhari Gilles Clément apafikirie upya.

Clément hakutaka kukusanya mimea kama mtu akusanyavyo stempu. Alipanga bustani kwa mandhari: unateremka njia moja uko Chile, unakunja kona uko Australia, unavuka daraja dogo uko Afrika Kusini au Visiwa vya Kanari. Kila mahali mimea imekaa pamoja kama inavyokaa kwao. Na ukitembea taratibu unaanza kuona kile alichotaka uone. Protea, kichaka cha Cape Town, na kichaka cha milima ya Maures hawana undugu wowote wa damu, lakini wamevaa nguo moja: jani gumu, dogo, la kijivu au lenye nta. Wamefika kwenye jibu moja kwa kuulizwa swali moja.

Na kuna swali jingine waliloulizwa wote, nalo ni moto. Kiangazi kikavu na majani yenye mafuta maana yake ni kwamba nchi hizi huungua, na zimeungua tangu zamani za kale. Mwaloni wa vizibo, ambao gome lake hutengenezewa vizibo vya chupa, una gome nene linalokinga moyo wa mti. Moto ukipita, matawi huchipua tena. Msonobari wa Aleppo hufungua matunda yake kwa joto la moto na kumwaga mbegu juu ya majivu. Upande wa Cape Town kuna mimea ambayo mbegu zake husubiri moshi ndipo ziote. Nasisitiza haya kwa sababu mtu akielewa moto hatashangaa tena kwa nini kibao cha njiani kinamwambia hapiti. Kuanzia Juni hadi Septemba, serikali za majimbo ya pwani hutoa kila siku ramani ya hatari ya moto, na siku ya upepo mkali njia za misituni hufungwa kabisa. Mgeni akiona hivyo asitafute upenyo wa kupita.

Mkonge wetu na binamu zake

Bustani za zamani zaidi zina hadithi nyingine, yenye uzito wake, na sipendi inavyosimuliwa kana kwamba ilikuwa mapenzi ya maua peke yake.

Mnamo miaka ya 1850 mtaalamu wa mimea Gustave Thuret, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kuchunguza jinsi mwani unavyozaana, alihamia rasi ya Antibes na kuanza kupanda miti ya kutoka mbali ili aone ipi itakubali. Alifariki mwaka 1875, na familia yake ikaipatia serikali bustani. Mpaka leo Villa Thuret ni kituo cha taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Kiingilio ni bure, ila kwa kuwa ni mahali pa kazi, uende siku za kazi. Mwaka 1867, Thomas Hanbury, Mwingereza aliyetajirika kwa biashara Shanghai, alinunua rasi ya Mortola upande wa Italia. Akisaidiwa na kaka yake Daniel, mtaalamu wa mimea ya dawa, na mtunza bustani Mjerumani Ludwig Winter, aliigeuza miteremko ya mizeituni kuwa hekta 18 za mimea ya kila bara.

Kazi hiyo iliitwa kuzoesha mimea, na haikuwa ya kupamba nyumba tu. Ni katika karne hiyo hiyo ambapo himaya za Ulaya zilikuwa zikiuliza mmea gani uhamishiwe wapi ili ulete faida. Mikaratusi ya Australia iliyojaribiwa Antibes ni jamii ile ile ya mikaratusi inayonyonya maji ya vijito vyetu leo. Yale maua ya manjano yanayoifanya pwani ile ing'ae Februari, ambayo Wafaransa huyaita mimosa, ni ya mti wa kusini-mashariki mwa Australia, ndugu wa karibu kabisa wa miwati iliyofunika vilima vya Njombe kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi. Agavi unazoziona zimekaa kwenye majabali ya Èze na Monaco zilitoka Mexico, kama mkonge ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893. Mtu wa Korogwe au Muheza akisimama mbele ya agavi kubwa ya Hanbury hahitaji kibao. Anajua kwamba siku itakapotoa ule mlingoti wake mrefu wa maua, ndiyo siku ilipoanza kufa.

Kuzoesha huko kulifanikiwa kupita kiasi. Mimosa imetoka bustanini ikaingia msituni na sasa inasonga mimea ya wenyeji kwenye milima ya Tanneron. Majani manono ya Afrika Kusini yaliyopandwa kushika mchanga yametambaa juu ya majabali ya pwani hadi vikosi vya watu wa kujitolea huenda kuyang'oa kwa mikono. Na biashara ya mitende ilileta mgeni asiyealikwa: fukusi mwekundu wa mitende, mdudu wa Asia ambaye wasomaji walio Oman na Ghuba wamemjua kabla ya Wafaransa. Alionekana Ufaransa mwaka 2006. Jike hutaga ndani ya kilele, mabuu hula moyo wa mti, na siku moja makuti yote huanguka kama mwavuli uliovunjika mbavu. Mitende ya Kanari, iliyokuwa sura ya pwani ile kwenye kila kadi ya posta, imekufa kwa wingi.

Lakini bustani hizi pia ni hazina. Val Rahmeh, bustani ya Menton iliyo chini ya makumbusho ya taifa ya historia ya asili, ina mti wa toromiro, mti mdogo uliotoweka kabisa porini katika Kisiwa cha Pasaka. Ukisimama mbele yake unaangalia kiumbe ambacho kwao hakipo tena isipokuwa kwa kurudishwa kutoka bustani kama ile.

Ya umma kwa maana gani

Bustani nyingi kati ya hizi zilikuwa za watu binafsi, matajiri waliokuja kukimbia baridi. Reli ilifika Nice mwaka 1864, na kuanzia hapo Waingereza na Warusi walimiminika kila mwaka Novemba na kuondoka Aprili. Ndiyo maana bustani zilipandwa ili zipendeze wakati wa baridi! Kuja kuogelea Agosti ni mtindo uliokolea kuanzia miaka ya 1920 tu. Mgeni wa leo anayelalamika kwamba bustani haina maua amefika kwenye karamu iliyopangwa kwa miezi ambayo yeye hakuwepo.

Baada ya vita viwili vya dunia, familia zilishindwa na gharama. Hanbury, iliyoharibiwa vibaya na vita, iliuzwa kwa serikali ya Italia mwaka 1960, na sasa inaendeshwa na Chuo Kikuu cha Genoa. Villa Ephrussi ya Saint-Jean-Cap-Ferrat ilikuwa tayari imeachwa kwa wasia na Béatrice Ephrussi de Rothschild kwa Académie des Beaux-Arts, taasisi ya sanaa ya Ufaransa. Serre de la Madone ya Menton ilinunuliwa na Conservatoire du littoral mwaka 1999.

Shirika hilo la mwisho linastahili kueleweka vizuri. Liliundwa mwaka 1975, wakati saruji ilikuwa ikiimeza pwani ya Ufaransa. Kazi yake ni kununua ardhi ya pwani, na ardhi ikishaingia kwake haiuzwi tena. Anayejua maana ya wakfu atalielewa kwa haraka kuliko Mfaransa mwenyewe: mali imefungwa, manufaa yamefunguliwa. Halafu kuna sheria ya mwaka 1976 inayompa kila mtu haki ya kupita kwa miguu kwenye ukanda wa mita 3 kando ya bahari, hata mbele ya nyumba ya tajiri. Kwa sheria hiyo unaweza kuizunguka rasi ya Antibes au Cap Ferrat kwa miguu bila kulipa kitu, kuta za nyumba za watu upande mmoja na maji upande wa pili. Msomaji wa Mombasa au Nungwi aliyewahi kuona kijia cha kwenda ufukweni kimezibwa kwa ukuta ajue kwamba huko pia kuta zilikuwepo, na zilihitaji sheria kupitika.

Wala usidhani ufuko wa kaskazini ndio pekee. Mediterania ina ufuko wa Afrika, na Algiers kuna Jardin d'Essai du Hamma, iliyoanzishwa mwaka 1832 na wakoloni Wafaransa kama shamba la majaribio. Ilifungwa kwa matengenezo ya miaka mingi, ikafunguliwa tena 2009, na leo familia za mji huo huenda kutembea chini ya miti yake mikubwa kama watu wanaokwenda kwao.

Uende lini, na uende vipi

Ukiweza kuchagua mwezi mmoja tu, chagua Aprili inayoelekea Mei. Vichaka vya wenyeji vimechanua, mimea ya Cape Town bado ina rangi, na jua halijawa adui. Mimi binafsi napendelea Februari. Mimosa iko juu, malimau ya Menton yameiva, na shubiri kubwa za Afrika Kusini zinatoa mishumaa yao myekundu mbele ya bahari ya buluu na milima yenye theluji nyuma. Januari huko Menton ina utulivu ambao hutautarajia Ulaya, kwa kuwa milima iliyo mgongoni huzuia upepo wa kaskazini. Ila baridi kali hutokea: ile ya Februari 1956 iliua mizeituni hadi shinani katika Provence yote. Novemba nayo ina raha yake ndogo, kuona matunguu, mimea yenye shina la chini ya ardhi kama kitunguu, yakitoa majani mapya siku chache baada ya mvua ya kwanza.

Kama likizo yako ni Agosti na huna njia, fika mlango unapofunguliwa asubuhi, vaa kofia, chukua maji, na uangalie maumbo, magome na harufu badala ya maua. Usiombe bustani imwagiliwe zaidi. Mmea wa huko ukinyweshwa maji wakati wa joto kali mara nyingi huoza mizizi, na tangu ukame wa 2022 maji ya kumwagilia yamekuwa jambo la amri za serikali, si la hiari.

Angalia pia mteremko. Hanbury unaingilia juu, barabarani, na njia hukuteremsha kupita mishubiri, michungwa na kipande cha barabara ya Warumi hadi karibu na maji. Kushuka ni raha. Kupanda ni kazi ya mapafu, na nimeona wazee wakikaa njiani wakishikilia ukuta. Tenga saa tatu, usishuke ukiwa umechoka. Treni za pwani husimama Antibes, Nice, Menton na Ventimiglia, kwa hiyo gari si lazima. Rayol ndiyo ngumu kufika bila gari. Na asiye na fedha ya kiingilio apande kilima cha Château katikati ya Nice. Ni bustani ya mji, haina tiketi, na kutoka pale juu ghuba yote iko mbele yako.

Nimeiacha bustani moja makusudi. Wakati wa joto, Rayol huwapa wageni miwani ya maji na mrija wa kupumulia, kisha mwongozaji huwaingiza kwenye ghuba ndogo iliyo chini ya nyumba. Chini ya maji kuna uwanda wa majani marefu ya kijani yanayoyumba kama shamba la mpunga. Watu huyaita mwani, lakini si mwani. Ni posidonia, mmea kamili wenye mizizi, maua na tunda, ambao mababu zake walitoka nchi kavu wakarudi baharini. Majani yake makavu hutupwa ufukweni wakati wa baridi, yakarundikana kama uchafu, na kumbe marundo hayo ndiyo yanayouzuia mchanga usichukuliwe na mawimbi. Na katika bustani ile yenye Chile na Australia na Afrika Kusini ndani yake, posidonia hii haioti kwenye bahari nyingine yoyote duniani ila hiyo.